Nafasi za utafiti zisijifiche ubaoni

Ndugu Mhariri,

Naomba niseme na waajiri wa vyuo vikuu. Ukufunzi msaidizi unadai GPA (wastani wa alama za shahada) isiyopungua 3.8, sawa, ualimu wa chuo si wa kubahatisha. Kinachoniuma ni nafasi za utafiti. Miradi ya wafadhili huchukua wasaidizi kwa mkataba, na mara nyingi tangazo huishia kwenye ubao wa idara au kundi la WhatsApp la wahadhiri. Sisi wa Kondoa na Mpwapwa (nauli ya kufika Dodoma mjini nayo si mchezo) tunalisikia limeshapita. Mimi chuo kimoja kiliniita kwa ujumbe wa saa tatu usiku, usaili kesho yake saa mbili asubuhi! Matangazo hayo yawekwe Ajira Portal, tovuti ya Serikali ya matangazo ya kazi, tena yakae wiki mbili.

Msomaji wako,
Kondoa, Dodoma