Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi: mwanangu anaomba ganzi

Mheshimiwa Daktari,

Kwa heshima zote, naandika hadharani kwa sababu barua zangu mbili nilizoziacha masjala hazikujibiwa, na kwa sababu ya yaliyotokea Alhamisi iliyopita.

Binti yangu ana miaka 11. Anasafishwa damu kwa mashine Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kwa muda wa saa nne kila mara. Kila akija anachomwa sindano mbili kwenye fistula ya mkononi, yaani mshipa uliounganishwa kwa upasuaji kwa kazi hiyo, moja ya kutoa damu na nyingine ya kuirudisha. Si sindano kama za chanjo, ni nene, maana damu lazima ipite kwa kasi. Nimepiga hesabu: 312 kwa mwaka, endapo nesi hakosei hata mara moja. Alhamisi alikosea mara tatu. Watu wanne tulimshika mtoto, na miguu niliibana mimi. Mimi mama yake. Tangu siku hiyo analala na mkono ule kaufunga ndani ya khanga, hataki hata mimi niuguse.

Manesi siwalaumu. Wana chumba kizima cha watu wazima, na yule aliyeizoea mishipa ya watoto alihamishwa.

Daktari, kwenye kikao cha wazazi ulituahidi krimu ya ganzi. Ulisema "mwezi ujao", nikaandika kwenye daftari. Leo ni miezi minane. Krimu ya lignokaini na prilokaini hupakwa pale panapochomwa, ikafunikwa, ikaachwa angalau saa nzima. Tuliambiwa muda hautoshi. Tunafika saa kumi na mbili asubuhi, tunaitwa kwenye mashine saa mbili. Muda upo, tunaukalia kwenye benchi! Nadhani haiagizwi kwa kuwa watoto ni wachache, na kilio chao hakiandikwi kwenye faili.

Kama hospitali haina, niandikieni cheti nikanunue. Cherehani nimeshauza kwa ajili ya nauli, hiyo krimu nayo nitaitafutia. Nielekezeni tu namna ya kuipaka nyumbani kabla hatujapanda daladala. Na asishikwe tena kwa nguvu. Akiachwa akae, ahesabu mwenyewe hadi kumi, huwa anautoa mkono.

Lakini kwanza ganzi, Daktari. Ganzi tu. Jumamosi tunakuja, na tangu jana ananiuliza kama safari hii atapakwa. Bado sijamjibu.

Mama wa mtoto wa kitanda cha dirishani