Unga wa chupa na chokaa si wa ndoo ya maji ya kunywa

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuuzungumzie unga wa kusafishia maji unaotengenezwa kwa chupa chakavu na chokaa. Ni kitu cha kweli na kinafanya kazi. Shida ni pale unaposifiwa kana kwamba ni dawa ya kila maji mabaya.

Wataalamu huuita tobamoraiti, ni madini ya kalsiamu na silika. Jina limetoka Tobermory, mji mdogo wa kisiwa cha Mull huko Scotland, lakini haya tunayoyasema ni ya kupikwa, si ya kuchimbwa. Ndani yake yamepangana matabaka membamba kama kurasa za msahafu, na kati ya kurasa hizo kuna kalsiamu isiyoshikwa sana. Maji yenye risasi au kadimiamu, metali zenye sumu, yakikaa nayo, metali huingia na kalsiamu hutoka. Papo hapo unga hupandisha pH, yaani hupunguza uasidi wa maji, na metali iliyobaki huganda juu ya chembe.

Malighafi Tanga si tatizo: mawe ya chokaa yapo Amboni, na chupa zimejaa majalalani. Kilo 1 ya chupa iliyosagwa laini kama sembe inahitaji karibu gramu 600 za chokaa iliyozimwa (iliyokwisha kutiwa maji), kwa sababu kioo cha chupa kina silika kama 72% na kalsiamu yake kidogo, na tunachotafuta ni kalsiamu 5 kwa silika 6. Mchanganyiko huo hupikwa kwenye maji ya kostiki soda, nyuzi 100, chombo kikiwa kimefungwa, siku 7 hadi 14. Kwa mvuke wa shinikizo wa nyuzi 180 hivi, ni kazi ya saa tu. Ukiharakisha unatoka na chokaa isiyoiva iliyochanganyika na vumbi la kioo. Sufuria ya alumini isiguse kazi hii, kostiki itaila na kutoa gesi inayolipuka. Tumia chupa nyeupe. Za kijani nyingi hutiwa rangi kwa kromu, na vioo vya televisheni za zamani vina risasi, yaani sumu ile ile unayoikimbia.

Mahali pake hasa ni kwenye karo la karakana, kwa mfano kwa mafundi betri. Ila huwezi kuumwagia unga huu asidi ya betri moja kwa moja. Asidi kali huusambaratisha: kalsiamu yote hutoka, silika hugeuka ute kama uji wa muhogo, na chujio huziba siku hiyo hiyo. Kwanza asidi ipunguzwe makali kwa chokaa ya kawaida. Lita 1 ya asidi ya betri yenye uzito wa kilo 1.28 kwa lita hula takriban gramu 350 za chokaa iliyozimwa. Weka hesabu ya 400, maana chokaa ya dukani haikosi mawe. Asidi ndiyo imiminwe kidogo kidogo kwenye maji mengi, kamwe si maji kwenye asidi, kisha chokaa ifuate taratibu huku ukikoroga, kwani joto linalotoka si la mchezo. pH ikifika 6 au 7 acha ilale usiku kucha. Jasi, yaani tope jeupe la chokaa na asidi, itazama chini pamoja na sehemu kubwa ya risasi.

Maji ya juu ndiyo yapelekwe kwenye tobamoraiti. Kiasi hakikisiwi: chukua mitungi mitatu ya lita moja moja, tia gramu 1, 2 na 5, koroga kwa saa 24, chuja, peleka maabara ya ubora wa maji. Kwenye chujio, unga uchanganywe na mchanga mkubwa, la sivyo maji hayapiti. Angalia pia pH ya mwisho. Ikipita 10, risasi na zinki huanza kuyeyuka tena na kurudi majini, na mwenye chujio akidhani unga umechoka huongeza mwingine, akazidisha lile lile. Maji yanayotolewa nje yanatakiwa yawe na pH kati ya 6.5 na 8.5, na risasi isizidi miligramu 0.1 kwa lita. Ya kunywa ni 0.01, mara kumi chini ya hapo.

Sasa visima vya pwani. Kero ya huko ni chumvi, na unga huu hauondoi chumvi hata chembe. Tena magnesiamu ya maji ya bahari huganda juu ya unga na kuziba njia, na kadimiamu ikishikana na kloridi haikamatiki kirahisi. Vijidudu vya kipindupindu navyo havitegwi hivi. Chemsha au tia klorini. Floraidi ya Arusha na Kilimanjaro nayo ina tiba yake, mkaa wa mifupa. Kalsiamu peke yake haiishushi hadi miligramu 1.5 kwa lita inayotakiwa.

Unga uliotumika una risasi yote iliyotoka majini. Ukitupwa jalalani, maji ya tindikali ya takataka huifungua tena. Usifukiwe bustanini wala kujazia barabara. Ukaushwe kivulini, utiwe kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko na lebo, ukabidhiwe kwa mwenye kibali cha kubeba taka hatarishi. Gharama ya pipa hilo iingizwe kwenye bei ya chujio tangu siku ya kwanza.

Mafundi wa maji na maabara,
Tanga