Kwa Nini Tunakutoza Fedha Ilhali Vyuma Tunauza Sisi

Kazi yetu ni kufukua na kuondoa taka zilizofukiwa zamani viwanjani. Mwezi uliopita mteja wetu wa Mwanga, hapa Kigoma, alisimama mbele ya pikapu yetu iliyosheheni vyuma chakavu, akauliza kwa nini amlipe mtu anayeondoka na mali ya kiwanja chake. Hakuwa wa kwanza kuuliza hivyo, na kwa kuwa tuliagana akiamini kwamba ametapeliwa, tumeona tuieleze hesabu yenyewe.

Korongo lililofukiwa taka kwa miaka halitoi chuma kitupu. Kwa uzoefu wetu, zaidi ya nusu ya kinachotoka shimoni ni udongo mweusi wenye vigae vya chupa. Kinachofuata kwa wingi ni nailoni, yaani ile mifuko ya rambo iliyopigwa marufuku Juni 1, 2019, ambayo tukiikung'uta kwenye chekeche bado maandishi yake yanasomeka. Nailoni hiyo imegandamana na matope, hakuna mnunuzi anayeitaka bila kuoshwa, na maji ya kuioshea hatuwezi kuyaachia yateremke Ziwa Tanganyika, kwa hiyo tunailipia lori hadi dampo. Fedha ya vyuma tumekwisha kuipunguza katika bei unayotajiwa, na haijawahi kutosha hata dizeli ya kijiko, yaani mashine ya kuchimbia.

Wapo wanaotaka tuwauzie udongo wenyewe kwa ajili ya mchicha. Ni kweli kwamba Tel Aviv, mwaka 1953, jalala lilifukuliwa ili kupata udongo wa kurutubisha mashamba ya machungwa, lakini majalala yetu yana betri za magari, na madini ya risasi yaliyomo kwenye betri hayaozi. Udongo huo tunaupeleka kufunikia taka dampo, hata mnunuzi akipandisha bei.

Mwingine alikasirika kuona vijana wetu wamekaa chini ya mwembe asubuhi nzima. Walikuwa wamelifungua shimo na kuliacha lipumue, kwa sababu taka zilizooza bila hewa hutoa gesi ya methani, nayo huwaka. Siku hiyo hata sigara haikaribii.

Linalotusikitisha zaidi ni mtindo wa kumwaga moramu juu ya taka na kuanza kujenga. Bwana mmoja wa Gungu aliiona bei yetu kubwa, akashindilia moramu futi tatu, akamwaga jamvi la zege, akajenga na kuhamia. Taka ziliendelea kuoza na kushuka, na masika ya pili jamvi likapasuka kutoka sebuleni hadi jikoni. Mlango wa mbele ukawa haufungi mpaka uusukume kwa bega. Alipotuita, kijiko hakikuweza kuingia ndani ya nyumba, ikabidi tuchimbe chumba kwa chumba kwa sululu na kutoa taka kwa ndoo, huku familia ikilala kwa shemeji yake. Alilipa zaidi ya mara tatu ya bei aliyoikataa, mbali na jamvi jipya.

Kazi hizi tunazifanya kiangazi, kwa kuwa udongo wenye maji huziba chekeche. Kabla ya kutaja bei tunachimba mashimo matatu ya majaribio, nawe ukiwepo, tunapima kina cha taka kwa futi, na ada ya siku hiyo inakatwa kwenye malipo ukitupa kazi. Atakayetaka vyuma vyake tunampangia pembeni, ila bei itapanda kwa kiasi cha fedha ambayo vyuma hivyo vingetupatia.