Pande zote zipi?

Mhariri,

Polisi wakiua raia, baadhi ya viongozi wetu wa dini huomba "pande zote" zitulie. Pande zipi? Juni 25, 2024, nje ya Bunge, Nairobi, vijana waliokuwa wakiandamana kupinga Mswada wa Fedha walikuja na bendera na chupa za maji. Wakajibiwa kwa risasi. Ndiyo, wapo walioingia Bungeni wakachoma. Hao wana mahakama.

Mwaka uliofuata mwanablogu Albert Ojwang alifia mikononi mwa polisi. Tukaambiwa alijigonga ukutani. Uchunguzi wa maiti ukakuta shingo iliyokabwa. Hapo mtu anasimama katikati ya nini?

Maaskofu Wakatoliki walikemea utekaji Novemba 2024, na Jimbo Kuu la Nairobi likarudisha mchango wa Rais. Wengine mwasubiri harambee?

Msomaji,
Nakuru