Vijana wa tiba ya jeni wafundishwe na kutengeneza dawa, sio kuandika makala tu

Mhariri, salamu.

Nimesoma ile makala yenu ya vijana wa sayansi na tiba ya jeni, yaani kutibu ugonjwa kwa kurekebisha au kuongeza jeni ndani ya seli za mgonjwa, nikafurahi, ila kuna kitu kimeachwa, nacho ni kuwafundisha kutengeneza dawa yenyewe, na mimi nakiona kila siku kazini kwahiyo naomba nafasi nikiseme.

Kijana anamaliza masta au hata PhD, anajua kukata DNA, anajua kuchora grafu nzuri, alafu akiingia chumba safi cha kutengenezea dawa, kile kinacholindwa vumbi na vijidudu visiingie, anakuwa mgeni kabisa. Sio kosa lake. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kwenye ule mfuko mdogo alioushika mna seli za mtu mmoja na ukiharibika hakuna mwingine stoo. Chukua Casgevy, ile dawa ya selimundu iliyopitishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023: mgonjwa anatolewa seli shina (zile zinazozaa seli za damu) kwenye damu, zinapelekwa kiwandani, DNA yake inahaririwa kwa CRISPR, kifaa kama mkasi wa kukata DNA mahali maalumu, zinapimwa, safari yenyewe inaweza kufika miezi 6, alafu anapigwa kemo kali ya kuondoa uboho wa zamani ndo anarudishiwa seli zake. Sasa bakteria wakiingia hapo katikati kisa mtu kagusa pasipoguswa, mgonjwa anaanza upya kutobolewa mishipa.

Mimi wiki yangu ya kwanza nilikosea tarakimu moja kwenye fomu ya joto la friza, nikaipaka wino mweupe nikaandika juu yake kama nilivyozoea chuoni. Msimamizi alisimamisha kazi yote. Akanionyesha: unapiga mstari mmoja ili la zamani lisomeke, unaandika sahihi pembeni, tarehe, saini na sababu. Miaka yote ya chuo sikuwahi kufundishwa hilo, na walimu wangu walikuwa wazuri.

Kuna watakaosema hayo ni makaratasi tu. Mwaka 1999 Jesse Gelsinger, kijana wa miaka 18, alifariki huko Marekani siku 4 baada ya kudungwa virusi vya kubebea jeni kwenye majaribio, na uchunguzi ukakuta madhara waliyopata wagonjwa waliomtangulia hayakuripotiwa inavyotakiwa. Hayo ndo makaratasi yenyewe.

Alafu kuna hili la kushindwa. Katika dawa 10 zinazoingia majaribio ya binadamu karibu 9 hazifiki kwa wagonjwa, lakini mwanafunzi anapewa sifa kwa kilichofanikiwa tu, sasa atajifunzia wapi kusema mapema kwamba hii haifanyi kazi tuiache? Nimemuona binti mwerevu sana analia kwenye korido kwa sababu kazi yake ya miaka 2 imeonyesha dawa haifai, wakati kaifanya vizuri mno na kuna wagonjwa kawaepusha na kitu kisichowasaidia. Iliniuma sana.

Ombi langu, kila anayesoma fani hii akae walau miezi 6 kwenye uzalishaji na udhibiti wa ubora, na alipwe, maana mafunzo ya bure wanayaweza wenye wazazi wenye hela tu, na wa diploma wasiachwe nje manake ndo wanaoshika hizo seli kwa mikono yao. Apelekwe pia akae na wanaopitia mafaili ya dawa kwenye mamlaka ya kuidhinisha dawa, asikie wanavyouliza.

Ninapofanya kazi kuna meza 2 zipo wazi tangu mwaka jana. Vyuo vikituletea watu, mimi mwenyewe nitawakalisha pembeni yangu niwaonyeshe kuanzia kuvaa glovu.

Msomaji wenu, mtu wa maabara