Anachopewa panya sicho anachokunywa mama

Ndugu Mhariri,

Hazipiti wiki nyingi bila kusoma kwamba mti fulani wa dawa "umethibitishwa" kutuliza maumivu na uvimbe. Mimi ni fundi maabara mstaafu, na panya niliowapima nyayo katika majaribio ya namna hiyo sina hesabu yao. Naomba nafasi nieleze uthibitisho huo hupatikanaje.

Panya hudungwa unyayoni karajinani, kitu kinachotokana na mwani, ndugu wa ule unaolimwa Paje na Jambiani. Unyayo huvimba, nasi tunaupima kila saa. Kundi moja limenyweshwa dawa ya mti, jingine diklofenaki au indomethasini, dawa za hospitali za kutuliza maumivu na uvimbe, jingine maji tu ili kulinganisha. Ni kipimo kizuri cha kuanzia, sikibezi.

Ila mara nyingi panya hunyweshwa dawa nusu saa au saa nzima kabla ya kudungwa. Tunazuia uvimbe ambao haujafika. Mama yangu goti linamsumbua huu mwaka wa tisa.

Tena dawa yenyewe. Maabara gome husagwa, likalowekwa kwenye methanoli, aina ya spiriti, kisha methanoli ikavukizwa hadi libaki tope zito. Hilo ndilo anapewa panya, kwa miligramu kulingana na uzito wake. Mama yeye hutia gome la mjafari sufuriani (lile ukilitafuna ulimi unakufa ganzi), akalichemsha kwa maji mpaka rangi ikolee, akanywa kikombe asubuhi na kikombe jioni. Methanoli huvuta vitu ambavyo maji huviacha, na maji huvuta vingine. Kwa hiyo uvimbe wa panya ukipungua, kikombe cha mama bado hakijapimwa.

Mwaka 1763 kasisi wa Uingereza, Edward Stone, aliiandikia Royal Society, jumuiya ya wanasayansi wa huko, barua kuhusu gome la mti wa mwerebi. Alilikausha, akalisaga, akaupima unga kwenye mizani, akaanza na kidogo na kuongeza taratibu, akiwapa watu wapatao 50 wenye homa kila baada ya saa nne. Leo asingeruhusiwa kuanza na watu, na ni haki. Lakini alichokipima ndicho wagonjwa walichokimeza. Dawa za jamii ya aspirini zilikuja kutokana na utafiti wa gome hilo hilo, zaidi ya karne moja baadaye.

Watafiti wetu, wakiwemo wa Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili, naomba waipime pia chai ya sufuriani kama inavyonywewa, kwa panya aliyekwisha kuvimba, na ini na figo zake ziangaliwe baada ya miezi ya kuinywa. Nawe Mhariri, habari ikiwa ya panya, kichwa chake kiseme panya. Juzi wajukuu walimsomea mama moja ya habari hizo. Ameongeza kikombe cha mchana.

Fundi maabara mstaafu,
Morogoro