Akidi haitimii, Somo

Chang'ombe, Dodoma
Jumapili jioni

Somo yangu,

Mbukwenyi! Hamjambo hapo Manyoni? Mama anaendeleaje na goti? Sisi wazima, ila upepo wa huku unatutilia vumbi mpaka kwenye mlenda. Najua nimekaa kimya tangu Pasaka. Nigombeze, kisha unisikilize.

Bodi ya shirika letu imetufia mikononi. Juzi niliitisha kikao saa nane, nikachemsha chai ya tangawizi, nikakaanga karanga, nikapanga viti saba. Tukawa watatu: mimi, mwenyekiti na mama mchungaji. Katiba yetu inataka watano ndipo akidi itimie. Mhasibu kahamia Mbeya kikazi, saini yake imebaki benki. Yule mjumbe wa Kizota kila nikimpigia yuko msibani. Kwa hesabu yangu ukoo wake umeshakwisha. Na bila muhtasari wa kikao halali benki hawabadilishi watia saini, kwa hiyo hela ya madaftari ya watoto ipo, tunaiangalia tu kama zabibu za jirani. Ada ya mwaka ya Msajili wa NGO nimeitoa mfukoni mwangu. Na tangu sheria ya NGO irekebishwe 2019 cheti cha usajili ni cha miaka 10 tu. Siku ya kuhuisha watatuuliza bodi iko wapi, nami nitaonyesha karanga?

Nimeanza kutafuta watu. Mstaafu mmoja alinisikiliza kwa utulivu kabisa, halafu akauliza: "Posho ya kikao ni kiasi gani?" Nikamwambia chai. Akacheka, akasema nimkumbushe mwezi ujao. Mwenyekiti anataka tumchukue mheshimiwa fulani, eti jina lake litavuta wafadhili. Mheshimiwa atakuja kukata utepe, sawa, kabati la vitabu atalifungua nani kila Jumamosi? Mwenyekiti naye siku hizi... basi, tukionana.

Sasa lililonishikisha kalamu. Nikipekua mihtasari ya zamani nimekuta daftari la kikao kile tulichokosana. Mwandiko wako: "Risiti ya mbao za rafu iko wapi?" Umeupigia mstari mara mbili. Nilinuna, nikasema hatuaminiani, ukaondoka chai ikiwa nusu kikombe. Somo, risiti nimeiona. Mtoto aliifanya alama ya ukurasa kwenye kitabu cha hesabu cha darasa la tatu. Ni 84,000. Mimi niliandika 96,000.

Hiyo 12,000 iliyozidi sikuila, naapa. Nadhani ni nauli ya guta, lakini sikuiandika popote, na tangu uondoke hakuna aliyeniuliza tena kitu. Ninachopeleka wanasema "sawa dada", wanamega karanga. Wajumbe wa kusema sawa dada ninao, hata wasipokuja. Nakuomba urudi wewe. Vikao ni vinne kwa mwaka, na nauli ya basi tutakuchangia. Hiyo 12,000 nitaisema mwenyewe mbele ya kikao, uiandike wewe.

Je, Jumamosi ya pili ya mwezi ujao utaweza kuja? Shemeji bado anashika vitabu vya SACCOS? Atakubali kuwa mtunza hazina wetu bila posho, au nisimwambie kwanza? Na yule binti wa mama mdogo wako aliyemaliza ualimu, yuko wapi sasa? Sufuria langu kubwa ni wewe uliyenalo? Bado umeninunia?

Nijibu hata kwa meseji.

Somo wako